Kamera katika Milima ya Usambara: Habari za Watu Waliojifundisha Wenyewe



Kamati ya mkutano wetu imeniomba niandike habari ya upigaji picha, kwa sababu safari hii picha zote za shule yetu zilizopatikana zitapangwa mezani ukumbini ili kila mtu azitazame. Nimelipokea ombi hilo kwa furaha. Lakini picha za shule ni tawi dogo la mti mkubwa, na si vizuri kueleza tawi bila kutaja shina. Kwa hiyo nitaanza na jinsi kamera ilivyopanda katika milima hii, nani aliyeishika na nani aliyesimamishwa mbele yake. Kisha nitaeleza jinsi watu wa Afrika ya Mashariki walivyoipata elimu hiyo bila kufunguliwa mlango wa chuo chochote. Mwisho nitataja kazi inayotuhusu sisi.

Waliokuja na kamera

Ufundi wa kupiga picha ulitangazwa Ufaransa mwaka 1839. Miaka tisa baadaye, mwaka 1848, mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Vuga, kwenye makao ya Kimweri ye Nyumbai, ambaye enzi yake ilitoka milimani hadi kukaribia pwani. Mwaka 1857 wasafiri Burton na Speke nao walipanda hadi Vuga. Wote hao walituachia maandishi. Hivyo Kimweri, mtawala mkubwa kupita wote waliopata kutawala Usambara, tunamjua kwa maneno ya watu na kwa masimulizi ya wazee wetu.

Sababu moja ni kwamba kamera ya siku zile haikuwa kitu cha kubebwa begani. Mpiga picha alipaka dawa kwenye kioo, akapiga picha kioo kingali kibichi, kisha akakisafisha papo hapo kabla dawa haijakauka. Alihitaji hema la giza, chupa za dawa, maji safi na wapagazi. Mambo yalibadilika baada ya mwaka 1871, wakati daktari mmoja wa Kiingereza, Richard Leach Maddox, alipoeleza namna ya kutengeneza kioo kikavu kwa kutumia jelatini. Tangu hapo vioo viliweza kutayarishwa kiwandani, vikafungwa katika masanduku, na kusafishwa baada ya safari kwisha.

Ndipo kamera zilipoanza kuingia bara kwa wingi. Mjerumani Hans Meyer alipiga picha katika safari yake ya Kilimanjaro ya mwaka 1887, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu chenye picha 40. Mwaka huo huo wa 1888 alirudi pamoja na Oscar Baumann, wakapita Usambara. Safari hiyo iliwaharibikia, kwani vita vya Abushiri vilikuwa vimewaka. Walikamatwa, wakatiwa minyororo, wakaachiliwa baada ya fedha kulipwa.

Baada ya utawala wa Kijerumani kujiimarisha, milima yetu ilipigwa picha sana. Wamisionari Johanssen na Wohlrab walifungua misheni Mlalo mwaka 1891. Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 na ikafika Korogwe mwaka 1902. Mwaka huo huo wa 1902 chuo cha utafiti wa mimea na kilimo kilianzishwa Amani. Lushoto yenyewe ikaitwa Wilhelmstal, ikawa makao ya wilaya na mahali pa Wazungu kupumzikia kutoka joto la pwani. Wapiga picha wenye maduka Dar es Salaam, kama Carl Vincenti na baadaye Walther Dobbertin, waliuza picha na kadi za posta za nchi hii. Mkusanyo mkubwa wa Dobbertin umehifadhiwa hadi leo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ujerumani.

Anayezitazama picha za wakati ule ataona jambo moja. Maelezo yake hutaja reli, daraja, shamba au mlima. Mzungu aliyesimama pembeni mara nyingi ana jina. Lakini mpagazi, mpishi, askari na mama aliyebeba mtoto aghalabu huitwa kwa kabila lake au kwa kazi yake tu. Walipigwa picha wakiwa hai, wenye majina, baba zao na mama zao, lakini kwenye karatasi wamekuwa kama miti ya mandhari.

Linganisheni na kazi ya kalamu. Katika miaka ile ile, Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy aliandika kwa Kiswahili Habari za Wakilindi, na sehemu zake zikapigwa chapa kwenye mtambo wa misheni ya Magila. Kitabu hicho kimejaa majina ya watu, ugomvi wao, ndoa zao na vita vyao, kwa kuwa aliyeishika kalamu aliwajua. Kamera ilikuwa ingali mikononi mwa watu waliokuwa wakipita njia.

Karani wa benki na jiko la mama yake

Wengi hudhani kwamba wakubwa wa ufundi huu walitoka katika vyuo vikuu. Chukueni mfano wa George Eastman wa Rochester, Marekani. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14, akawa karani, na baadaye akaajiriwa benki. Mwaka 1877 alinunua vifaa vya kupigia picha na akamlipa mpiga picha mmoja wa mjini kwake amwonyeshe mwanzo wa kazi. Baada ya hapo alijifundisha mwenyewe. Alisoma katika gazeti la wapiga picha la Uingereza maelezo ya kutengeneza dawa ya jelatini, na kila jioni alipotoka benki aliingia jikoni mwa mama yake kuchanganya, kupika na kujaribu. Mwaka 1888 alitoa kamera aliyoiita Kodak, na mwaka 1900 kampuni yake ikatoa kamera ndogo ya sanduku, Brownie, iliyouzwa dola moja.

Kamera hiyo ya dola moja ina maana kubwa katika historia hii. Kabla yake, mtu wa kawaida alikuwa wa kupigwa picha tu. Baada yake, mtoto wa fundi au wa mfanyakazi wa reli aliweza kuwa mpigaji.

Waliojifundisha katika Afrika ya Mashariki

Katika pwani yetu biashara ya picha ilishikwa kwanza na Wagoa na Wahindi, pamoja na Wazungu wachache. Studio ya A. C. Gomes ilikuwapo Unguja tangu karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini humo. Mwafrika aliyeingia katika maduka kama hayo kwa kawaida aliingia kama msaidizi, akibeba mikono ya kamera, akiosha sahani na kufagia. Siri za chumba cha giza zilikuwa mali ya mwenye duka, na mwenye duka hakuwa na haraka ya kumfundisha mtu ambaye kesho angefungua duka lake ng'ambo ya barabara.

Kwa hiyo waliotaka hasa walijifundisha. Huko Lamu alikuwapo Omar Said Bakor, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 1993. Hakupita katika chuo cha picha. Alijaribu mwenyewe mpaka akawa na studio yake, na katika miaka ya 1960 na baadaye alijulikana kwa picha za kuunganisha, ambamo sura ya mtu huchukuliwa na kuwekwa mahali pengine palipobuniwa. Kazi ya namna hiyo haiwezekani kwa mtu anayejua kubonyeza tu. Lazima ajue vizuri kila hatua, tangu mwanga unapoingia katika lenzi hadi karatasi inapokauka.

Mfano mwingine ni Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam. Alianza utotoni kwa kamera ya sanduku, na ufundi wake aliupata kwa kuufanya. Mwaka 1963, akiwa hajatimiza miaka 21, alianzisha Camerapix mjini Dar es Salaam. Mwaka 1964 alipiga picha za Mapinduzi ya Zanzibar. Mwezi Oktoba 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia, alizozipiga akiwa na mtangazaji Michael Buerk, zilionyeshwa na BBC na kuigusa dunia nzima. Mwaka 1991 alipoteza mkono katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, akawekewa wa bandia, akarudi kazini. Alifariki mwezi Novemba 1996 katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na Ngazija.

Tuangalie watu hawa wanafanana wapi. Hawakuzaliwa na vifaa bora kuliko wengine. Kila mmoja alikaa na kifaa kidogo alichokuwa nacho mpaka akakijua chote. Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alisisitiza kwamba elimu imwezeshe mtu kufikiri na kuamua mwenyewe. Wapiga picha hawa walikuwa wakiliishi jambo hilo, baadhi yao hata kabla halijaandikwa.

Mwanga wa Lushoto

Sasa niseme juu ya shule yetu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati wetu, kulikuwa na chama kidogo cha picha chenye wanachama tisa na kamera moja ya Kirusi aina ya Zenit. Mkanda wa filamu ulikuwa na picha 36, kwa hiyo kila mwanachama alikuwa na picha nne. Ukiwa na picha nne kwa muhula, hufyatui ovyo.

Kitabu kilichokuwamo maktaba kilikuwa kimoja, cha Kiingereza, kimechanika jalada. Mwongozo mwingine ulikuwa karatasi ndogo iliyokunjwa ndani ya boksi la filamu. Karatasi hiyo ilichorwa jua, wingu na kivuli, na kila mchoro ulikuwa na namba zake. Kwa filamu ya kipimo cha 100, jua kali lilitaka kasi ya 125 na tundu la lenzi namba 16. Jua hafifu, 11. Mawingu meupe, 8. Mawingu mazito, 5.6. Namba ikipungua tundu linapanuka, na kila hatua moja huongeza mwanga maradufu. Kasi ya 60 nayo huingiza mwanga mara mbili ya kasi ya 125.

Wenzetu wengine walitaka namba tu. Waliwafuata wapiga picha wa mjini, wakaandikiwa namba mbili kwenye kipande cha karatasi, wakaenda nazo kila mahali. Namba hizo zilifaa kiwanja cha mpira saa sita mchana. Lakini ninyi nyote mnaijua Lushoto. Mji uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, umezungukwa na vilele. Asubuhi ukungu unashuka kutoka msitu wa Magamba hata hulioni bweni la jirani. Saa kumi alasiri jua lingali linawaka tambarare za Mkomazi, nasi bondeni tayari tumo kivulini. Ukienda Irente, upande mmoja wa uso wa mtu unapata jua la nyika na upande wa pili giza la mwamba. Namba za mchana wa kiwanjani zikipelekwa katika ukungu huo hutoa negativu nyepesi kama kioo cha dirisha, na picha yake huwa nyeusi.

Mwalimu aliyekilea chama hakutaja namba hata alipobembelezwa. Alitaka kila mmoja awe na daftari lenye safu tano: saa, hali ya hewa, kasi, tundu, na matokeo. Mwaka ulipokwisha, daftari zile tisa zikiwekwa pamoja zilikuwa kitabu kamili cha mwanga wa Lushoto, na hakuna duka lililokiuza.

Katika daftari hizo lilionekana jambo ambalo karatasi ya boksi haikulieleza. Kipimo cha mwanga cha kamera kimetengenezwa kikidhani kwamba dunia, ikichanganywa yote, ni ya rangi ya kijivu. Kikiona ukungu mweupe hudhani mwanga ni mwingi, hupunguza, na ukungu hutoka kijivu. Kikielekezwa kwa mstari wa wanafunzi waliovaa mashati meupe, hutazama mashati. Mashati hutoka safi, na nyuso zetu nyeusi hupotea, macho na meno yakibaki peke yake. Ilitakiwa kuongeza hatua moja au zaidi, kinyume cha kipimo, ili nyuso zionekane.

Baadaye nilipokuwa Chuo Kikuu nilisoma kwamba jambo hili lina historia yake. Kwa miaka mingi kadi ambayo Kodak iliipeleka katika maabara ili mafundi wapimie rangi za ngozi ilikuwa na picha ya mwanamke wa Kizungu, na mafundi wakaiita Shirley. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kutolewa katika miaka ya 1990. Maana yake ni kwamba sehemu ya majibu yaliyomo ndani ya boksi yalikuwa yamepatikana kwa kutazama nyuso za watu wengine. Kijana wa Usambara aliyenakili majibu hayo aliandika jibu sahihi la swali lisilokuwa lake. Aliyejaribu mwenyewe na kuandika matokeo aliziona nyuso za wenzake.

Juu ya njia ya mkato

Sisemi kwamba kuuliza ni vibaya. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na Eastman mwenyewe alianza kwa kulipia mafunzo. Lakini kuna kuuliza kwa aina mbili. Yupo anayekuja na daftari na kusema, “Nimejaribu hivi, ikatoka hivi, kwa nini?” Huyo amekwisha kufanya nusu ya kazi, na jibu lina mahali pa kukaa. Yupo pia anayekuja mikono mitupu na kusema, “Nipe namba.” Huyo atarudi kesho, kwa sababu kesho mwanga utakuwa mwingine.

Leo simu ya mkononi inachagua namba zenyewe. Kamera ya kwanza ya elektroniki ilitengenezwa na Steven Sasson mwaka 1975 ndani ya Kodak hiyo hiyo, na mwezi Januari 2012 kampuni hiyo iliyoutawala ufundi huu kwa karne nzima ilikwenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Simu imetuondolea gharama ya filamu, na hiyo ni neema. Lakini anayetaka kujifundisha bado anaweza kuanza pale pale: achague mahali pamoja, apige asubuhi, mchana na jioni, aandike alichobadilisha, azitazame picha hizo pamoja. Baada ya mwezi mmoja atakuwa anajua jambo ambalo hakuna mtu aliyemwambia.

Kazi iliyo mbele yetu

Mimi ni mtumishi wa Serikali, na kazi yangu ni majalada. Karatasi isiyo na tarehe wala sahihi, hata ikiwa na maneno mazuri namna gani, haiwezi kumsaidia mtu. Picha nayo ni hivyo hivyo.

Kamati imekusanya picha zetu tangu miaka ya zamani. Nimezipitia. Zimo picha za timu za mpira, za mahafali, za siku ya kupanda miti, na moja ya wapishi wetu wamesimama mbele ya jiko na masufuria yao. Nyuma ya nyingi hakuna neno hata moja. Wajerumani walipowapiga picha babu zetu bila majina, tuliweza kusema kwamba walikuwa wageni na hawakuwajua. Picha hizi tumezipiga sisi, na waliomo tuliwajua. Wapishi wale walituamsha kwa uji miaka minne au sita. Kila mkutano unapofika, idadi ya watu wanaoweza kuwataja inapungua. Mwaka huu tumesoma majina ya wenzetu waliotangulia mbele ya haki, na kila mmoja wao ameondoka na majina aliyokuwa akiyakumbuka.

Kwa hiyo naomba mambo manne. Kwanza, kila atakayefika mkutanoni apite mezani kabla ya chakula, na aandike katika daftari lililowekwa hapo jina la kila anayemtambua, kwa kufuata namba ya picha. Pili, tusiandike kwa kalamu ya wino nyuma ya picha, kwani wino hupenya. Penseli laini inatosha. Tatu, mwenye negativu za zamani asizitupe hata kama zimekwaruzika. Azifunge katika karatasi kavu, aziweke mbali na unyevu wa milima yetu, na aijulishe Kamati. Nne, tuwanunulie wanafunzi wa sasa kamera mbili na madaftari ya kutosha, ili chama cha picha kifufuliwe. Madaftari yasisahauliwe, maana kamera peke yake haitawafundisha.

Picha ya wapishi ni namba 41. Nawatambua wawili, na majina yao nimekwisha kuyaandika. Wa tatu, aliyevaa kofia na kushika upawa, anamngoja mtu wa miaka ya mbele yetu.